Habasoda na Theluthi Iliyosahauliwa

Mvuvi wa Kojani, kule Pemba, aendaye dago kupiga kambi ya uvuvi, avutaye nyavu tangu alfajiri, hana haja ya dawa ya kitambi. Wenye haja ni sisi tukaao barazani, na kwa ajili yetu habasoda imepandishwa cheo: sasa inayeyusha unene. Tuipe haki yake. Watafiti waliokusanya majaribio kadhaa wamekuta kwamba watumiaji wake kwa wastani hupungua kilo 2 hivi baada ya wiki kadhaa. Kilo 2! Changu wawili watatu wanene wanatosha kuzijaza. Tena mafuta ya habasoda nayo ni mafuta: kijiko cha chai kina kalori 40 hivi, na ukishushia chapati mbili umeshailipa mizani deni lake na riba.

Mtasema tunaipinga Hadithi iliyoisifu mbegu hii kuwa ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hasha. Ila Mtume huyohuyo (S.A.W.) alifundisha theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Hadithi ya kijiko tumeihifadhi. Ya sinia imetuponyoka. Mtasema pia mabibi zetu waliitumia wakawa wembamba. Kweli, lakini walitwanga kwa mchi na kuteka maji kisimani, na mchi hauuzwi kwa kichupa. Habasoda basi ni msaidizi mwema, si mtumwa wa kufunga badala yetu. Atakaye kiuno cha Mkojani, na ashike kasia.