Namnunulia Nyumba Mtu Nisiyemjua

Binti yetu wa pekee alishamaliza sekondari. Yuko chuoni jimbo jingine, na akija nyumbani anakuja na mfuko wa nguo chafu. Kwa hiyo tulipoamua kuachana na nyumba za kupanga na kununua ya kwetu hapa Columbus, Ohio, masharti yangu yalikuwa mawili tu: jiko lenye dirisha, na uwani pa kuchomea nyama bila jirani kuwaita zimamoto. Shule sikuitaja. Shule ya nani?

Tangu hapo sisikii kingine. Dalali hajamaliza kufungua mlango, ameshataja wilaya ya shule. Shemeji akipiga simu, salamu nusu: "Shemeji, shule za huko zikoje?" Hata fundi aliyekuja kukagua paa alishuka kwenye ngazi akasema paa limechoka, ila tusiwe na wasiwasi, shule za hapa ni nzuri. Mvua ikinyesha sijui walimu watakuja na ndoo.

Nikilalamika kwamba sisi hatuna mwanafunzi, wote wananijibu kitu kimoja, taratibu, kama wanamwelekeza mtoto: si kwa ajili yenu, ni kwa ajili ya siku mtakayouza.

Hivyo ndivyo nilivyomjua huyu bwana, Mnunuzi Ajaye. Jina hana, simu hana, lakini ndani ya nyumba yangu ana sauti kuliko mimi. Ana watoto wa shule, hilo halina mjadala. Nataka kupaka jiko rangi ya kijani? Hapendi, anataka kijivu. Nataka kung'oa lile hodhi la kuogea, ambalo mtu anakaa ndani ya uchafu wake mwenyewe akidai anaoga? Haiwezekani, wanawe watalihitaji. Hata dagaa wangu nimeambiwa niwakaangie nje, harufu isije ikaingia kwenye kapeti ikamkimbiza. Mkopo ni wa miaka 30, mlipaji ni mimi, na bado naishi kama mkwe aliyekuja kusalimia.

Kwetu Tanga mtu anajenga tofali kwa tofali, ahamie kabla ya dari, na akili ya kuuza haimjii mpaka apatwe na shida. Kuna kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, ili matapeli na ndugu wenye tamaa wasome wenyewe. Nilipompigia mama kumweleza hesabu zetu za mauzo, alinyamaza kidogo. "Mwanangu, hujalala humo hata usiku mmoja, unauza? Una deni la nani?"

Kilichonimaliza ni mtaa mmoja upande wa kaskazini. Nyumba mbili zinatazamana, mjenzi mmoja, gereji moja, hata masanduku ya barua ni ya aina moja. Mpaka wa wilaya za shule umepita katikati ya lami. Ya kulia inazidi ya kushoto kwa bei ya gari jipya. Na zote mbili ziko ndani ya jiji la Columbus! Jiji lilimeza ardhi ya jirani miaka mingi, na mwaka 1986 wakubwa wa shule wakafikia mapatano ambayo yaliacha maeneo mengi mikononi mwa wilaya za pembeni. Kwa hiyo barua yako inakuja Columbus, taka zako zinazolewa na Columbus, na mtoto wako anasoma wilaya ya Dublin au Hilliard.

Nilidhani ni wazimu wa hapa kwetu, kumbe wasomi walishaupima. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa vitongoji vya Boston, akilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule. Alama za mtihani zikiwa juu kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi. Wazazi, sawa. Mimi ni mzazi mstaafu.

Na wazimu huo unajilisha wenyewe: sehemu kubwa ya fedha za shule inatoka kwenye kodi ya majengo. Nyumba ghali, kodi nono, shule nzuri, na shule nzuri inazidi kupandisha nyumba. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema mfumo huu unakiuka katiba ya jimbo, ikarudia mwaka 2000, ikarudia tena 2002. Mimi nikirudia neno mara tatu nyumbani kwangu huwa sisikilizwi, kumbe hata majaji. Na mwaka 2011, kule Akron, jimbo hili hili, mama mmoja alifungwa siku 9 kwa kuwaandikisha binti zake shule ya wilaya jirani kwa kutumia anwani ya babu yao. Hapo mimi ucheshi unaniishia. Babu alikuwepo, nyumba ilikuwepo, watoto wanataka kusoma.

Nikamgeukia dalali: dada, niambie tu, upande upi una shule nzuri? Akatabasamu, akanipa anwani ya tovuti ya jimbo, ambako shule zinapewa nyota kama hoteli. Kujibu hataki, anaogopa sheria ya makazi ya mwaka 1968, inayokataza kuwaelekeza wateja mtaa kwa rangi au asili yao, na sifa za shule huwa njia ya uchochoro ya kusema hayo hayo. Sheria naiunga mkono. Ila wiki nzima ananiimbia shule, na swali langu moja linamfanya bubu!

Tulinunua ya kulia. Msiniulize nani aliamua. Hatujamaliza kufungua maboksi, mabango yakaota kwenye majani ya kila jirani: shule zinaomba kodi ya nyongeza, wapiga kura waamue. Ikipita, bili yangu inapanda. Ikianguka, nyota zitapungua, na Mnunuzi Ajaye atavuka barabara kwenda kwingine. Jumanne nikasimama kwenye kibanda cha kura, raia mpya, kalamu mkononi, nikimlaani mtu ambaye huenda sasa hivi yuko darasa la nne.

Tulipotoka, mke wangu akaniuliza nimepiga nini. Nikamwambia kura ni siri.