Inashika Kaisho?

Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tuligawana watumishi, viti na magari yaliyochoka, lakini minara ya simu ilibaki pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa upande wetu akinunua simu haulizwi ni ya kampuni gani wala ina kamera ngapi. Anaulizwa: inashika? Akijibu kwamba inashika, swali la pili ni inashika wapi, maana huku hakuna mwenye mtandao hivi hivi. Una mtandao kwenye kichuguu nyuma ya choo. Una mtandao ukisimama dirishani na kuinama kidogo upande wa kushoto. Jirani yangu anao juu ya mparachichi, na ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ukimpigia unasikia kwanza matawi, kisha yeye.

Nchi yetu ni vilima na mabonde, na mawimbi ya simu hayajui kuzunguka kilima. Mnara unaweza kuwa pua na mdomo ukiutazama kwenye ramani, lakini ukiwa mgongoni mwa kilima cha pili utaishia kuusikia kwa wenzako. Hali hiyo sisi tuliizoea. Tulikuwa na vitochi vyetu, tunajua kila kimoja kinashika kona gani ya shamba, na maisha yalikwenda.

Kitochi changu kilikuwa cha laini mbili. Kilikaa na chaji Jumapili hadi Jumapili, na redio yake ilikamata stesheni za Karagwe hata pale ambapo kupiga simu kulishindikana. Kingekuwa hai mpaka leo kama si senene.

Wasiokaa Kagera wajue kwamba Novemba na Desemba, mvua zikishachanganya, watu huku hawalali. Mabati yanasimamishwa, mapipa yanawekwa chini yake, taa kali zinawashwa juu, jenereta linanguruma. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza, wanaingia pipani. Usiku ule nilikwenda kwa jirani kuangalia tu, kama wote wanavyokwenda kuangalia tu, na mfuko wa nailoni umekunjwa mfukoni. Kitochi kilikuwa kwenye mfuko wa shati, tochi ikiwaka. Nikainama kuchungulia pipa. Kikateleza.

Nikaona mwanga unazama taratibu katikati ya senene, kijani na kahawia, na wale wa juu, kwa kuwa mwanga ndio uliowaleta, wakaufuata chini. Nikakunja mkono wa shati. Mwenye pipa akanishika bega. "Mwalimu, pole sana, lakini mkono hauingii humo. Tutamwaga asubuhi." Kwa bei ya senene wakati ule nilimwelewa. Tukasimama pembeni kimya, na ndipo kikaita. Sauti ilitoka chini kabisa, bati la pipa likaipokea, watoto wakakimbia. Alikuwa mama yangu mzazi, anataka kujua kama senene wameanguka.

Alfajiri mvua ikanyesha ndani ya pipa. Fundi wa Omurushaka alikifungua kitochi kwa bisibisi ndogo, akatoa bawa moja, akaliinua juu ya mwanga, akatoa na mguu uliokuwa umekaa chini ya kitufe cha tano. "Shikamoo Mwalimu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Hii ni ya kutengeneza, au ya kula?"

Basi nikaenda Kayanga kununua simu.

Kijana wa duka niliwahi kumfundisha. Jedwali la saba halikumwingia hata kidogo, na ninasema hivi bila kinyongo, kwa sababu siku hiyo alilipiza. Aliniamkia kwa adabu zote, akanipa kiti, kisha akauliza: "Unataka ya G ngapi, Mwalimu?" Nikamwambia nataka ya kuongea, ya kupokea hela ya kahawa na yenye tochi. Akatabasamu vile nilivyokuwa nikitabasamu mimi ubaoni. Akanieleza kwamba 2G ni ya kuongea, meseji na kutuma pesa. 3G ilileta intaneti ya kueleweka. 4G ndiyo wanayoitaka wote sasa. Na 5G imeanza nchini mwaka 2022, lakini hiyo niiachie miji mikubwa. "Ukinunua ya 2G leo unanunua kitu kinachoondoka. Wenzetu huko wameshaanza kuzima."

Kuhusu kuzima hakuwa na la kunifundisha. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilifunga mitandao yao ya 3G, na nilizipata habari hizo mapema kuliko watu wengi wa tarafa yetu, kwa sababu shemeji yangu anaishi Minnesota. Kampuni yake ilimwandikia kwamba simu aliyonayo itabaki pambo, achukue nyingine. Akachukua nyingine, na ile ya zamani akamkabidhi msafiri aniletee, ikiwa imefichwa ndani ya soksi. Ilikuwa nzuri, nyeusi, inang'aa. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kuweka laini. Nikang'oa mfuniko, nikatoa betri, nikaichokonoa kwa sindano. Hakuna tundu. Fundi akaniambia hiyo ni CDMA: namba yake huandikwa ndani ya simu yenyewe na kampuni, laini haihitajiki. Hata hapa nchini CDMA ilikuwepo, TTCL na Zantel waliitumia, lakini zama zake zimepita. Shemeji hupiga mara kwa mara kuuliza kama simu yake inafanya kazi. Tunamjibu kwamba inafanya, na si uongo. Mama hujitazamia humo anapofunga kilemba.

Kwa hiyo sikutaka tena simu nzuri. Nilitaka simu halali. Kijana, namsifu kwa hili, alibonyeza *#06# mbele yangu, akatuma zile tarakimu za IMEI kwenda 15090, tukasubiri jibu wote wawili tumekodoa macho. Kila mtu wa rika langu anaikumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima. Kuna mzee kijijini kwetu aliyekuwa na simu ya laini nne, ina antena ya kuvuta na spika iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Ilipozimwa aliikataa habari hiyo. Aliendelea kuivaa kiunoni, na mtu akipita aliiweka sikioni akafoka kidogo.

Kijana akaniletea kitochi cha 4G. Hivyo vimekuwepo tangu mwaka 2019, vya mfumo wa KaiOS, vya kubonyeza kama kitochi cha kawaida lakini vina intaneti. Nikavikataa kwa ushahidi. Mpwa wangu alinunua kimoja kwa ajili ya WhatsApp tu, na mwanzoni mwa 2025 WhatsApp ikaacha kuihudumia KaiOS. Sasa ana kitochi cha kawaida cha bei isiyo ya kawaida.

Akaleta ya mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa inajifunga yenyewe. Hapo nikacheka, maana huku tunaijua biashara ya namna hii: ni butura, ile ya kuuza kahawa ingali ua mtini, mavuno yakija unamchumia mwingine. Ila angalau mnunuzi wa butura husubiri msimu. Simu ya mkopo ilimfungia jirani yangu katikati ya kikao cha mahari, orodha ya ng'ombe ikiwa ndani yake. Upande wa pili walikuwa na orodha yao kwenye karatasi, na yao ilikuwa ndefu zaidi.

Mwishowe nikanunua ya kupangusa, ya 4G, laini mbili, kwa fedha taslimu. Kabla ya kulipa nikauliza swali langu: "Inashika Kaisho?" Nina kaka Kaisho, na chama chetu cha kuzikana hukutana huko. Kijana akasema: "Mwalimu, hii inashika popote."

Nyumbani betri ilikata roho kabla ya adhuhuri. Nikaichaji, ikakata tena kabla ya magharibi, na sikuwa nimempigia mtu yeyote. Nikarudi Kayanga nikiwa nimejiandaa kugomba. Kijana akanieleza, kwa upole wa mtu anayejua jibu, kwamba kosa si la simu. Kwetu 4G inafika kwa kudokoa. Simu inaigusa, inaipoteza, inaanza kuisaka upya, na ikiwa mbali na mnara inaongeza nguvu ili isikike, na kazi hiyo yote inafanyiwa mfukoni mwangu. Mnara wa 2G unafika kwetu vizuri zaidi, hasa ule wa mawimbi ya 900, kwa kuwa mawimbi hayo husafiri mbali kuliko ya 1800 au 2100. "Kwa hiyo tunafanyaje?" nikauliza. Akaingia kwenye mipangilio, akapangusa mara kadhaa, akanirudishia. Alikuwa ameiweka kwenye 2G peke yake.

Nadhani hapa tusimame kidogo. Nimeambiwa 2G inaondoka. Nimelipia 4G. Nimepanda gari kwenda kumwomba aliyeniuzia 4G aizime, na nimemshukuru, kwa sababu tangu hapo betri inalala na mimi tunaamka wote. Jirani wa mparachichini yeye aliiacha 4G yake, maana juu kule anaipata. Lakini simu yake haina uwezo wa kuongea kupitia 4G. Mtu akimpigia inashuka kwanza kwenye mtandao wa zamani ili aongee, na intaneti inakatika. Siku ya Simba na Yanga mama mkwe wake alipiga dakika za mwisho kumjulia hali. Mkwe huwezi kumkatia. Alimwitikia salamu zote, za watu, za mifugo na za migomba, na bao likafungwa katikati ya migomba.

Aliyeumia zaidi na mabadiliko haya ni mama. Alitaka kumtumia dada pesa kwa simu yangu mpya, maana yake haikuwa na chaji. Mama hajui kusoma menyu. Anajua njia: nyota, moja, tano, sifuri, nyota, na kuendelea. Gizani anakitafuta kitufe cha tano chenye kipele, kisha vingine vyote vinapatikana kutokea hapo. Nikamwekea simu mkononi. Kidole gumba, kilichokomazwa na jembe miaka mingi, kikapita juu ya kioo na kioo hakikumjua. Akabonyeza kwa nguvu. Akabonyeza kwa kucha. Akaigeuza akatazama mgongoni. "Baba," akaniambia, "hii haina mwili."

Kidole hicho kina historia. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, ule mwisho uliosogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kimashine cha wakala kilimkataa gumba, kikamkataa shahada, kikaenda hivyo hivyo kidole baada ya kidole, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yetu, mpaka kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikakubaliwa. Kwenye kumbukumbu za laini yake, basi, mama yangu ni kidole cha pete. Nikamwambia ajaribu hicho kwenye kioo. Kikakubali. Pesa ikaenda, tena mara mbili, kwa sababu hakuamini ile ya kwanza.

Ikafika siku ya kikao cha Kaisho. Niliwasili jioni ya jana yake, nikalala kwa kaka, nikatega kengele kwenye simu ili nisichelewe, maana chama chetu kina faini. Kikao ni saa nne asubuhi. Niliamka kwa kengele, nikaoga, nikanywa chai na ndizi bila haraka. Saa ya simu ilipoonyesha saa tatu na nusu nikatoka nikitembea kwa maringo ya mtu anayewahi. Njiani nikakutana na mwenyekiti, naye ana simu mpya, naye hana haraka. Tukaongelea bei ya kahawa.

Tulipofika wanachama walikuwa wamekaa, jua limesogea, na mweka hazina ameshafungua daftari la faini. Mwenyekiti akainua simu yake juu. Mimi nikainua yangu. Zote zilisema hazijafika saa nne. Mweka hazina akainua kitochi chake: saa nne na dakika hamsini. Ndipo kijana mmoja akaomba simu yangu, akaangalia jina la mtandao, akasoma na ujumbe uliokuwa umeingia usiku. Nilikuwa nimekaribishwa Rwanda. Simu ilipolala kwa kaka ilivuka Mto Kagera bila mimi, ikaokota mnara wa ng'ambo, na kwa kuwa ni ya kisasa inajirekebisha saa yenyewe, ikaifuata saa ya Rwanda, iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Vitochi vingine navyo viliokota mnara wa ng'ambo, lakini havina habari ya kujirekebisha. Mjumbe mmoja kutoka Murongo akasema simu yake huokota Uganda kila siku na hajawahi kuchelewa. Akajibiwa kwamba Uganda saa yao na yetu ni moja, akae.

Mwenyekiti alitaka faini isamehewe kwa kuwa tulikuwa nje ya nchi. Mweka hazina akasema katiba ya chama haina kifungu cha nje ya nchi, na kama tulikuwa Rwanda basi hatukuhudhuria, na kutohudhuria kuna faini kubwa zaidi. Tukalipa ile ndogo. Katibu akamaliza kwa kuandika kwenye muhtasari kwamba kikao kilifunguliwa saa tano kamili, kwa saa ya kitochi cha mweka hazina.