Dola za Nyati

Mtalii anayekwenda kuwinda Pori la Akiba Lwafi, wilayani Nkasi, hulipa kwa dola, hufuatana na mwindaji bingwa, na pembe za nyati wake hupanda ndege kwenda kupamba sebule ughaibuni. Mgeni wa heshima huyo.

Kijana wa Kifipa akikutwa na paja la nyati kwenye kiroba, bila kibali, naye hupata hadhi ya kimataifa: mthamini humpigia hesabu ya nyati mzima, tena kwa dola, na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 humfungulia kifungo cha kuanzia miaka 20. Ugali ataukuta gerezani.

Mwaka 2020 zikaja kanuni za mabucha ya nyamapori. Mla nyama wa Sumbawanga sasa yuko huru kabisa, mradi adai risiti.