Mkono na Kidole Havisikizani

Mpwa wangu aliye Marekani alinitumia kidude cha kupima sukari, kidogo kama sarafu, cha kubandika nyuma ya mkono. Hutadungwa kidole tena, anko, akasema. Nikamshukuru. Kumbe nimeletewa mke mwenza.

Usiku wa pili, saa nane, simu ikapiga king'ora: 54! Mama Wafula akaruka, akafungua thamosi na kunishikisha chai ya sukari, ileile aliyonipiga marufuku miaka yote hii. Kabla sijaionja nikadunga kidole: 8.2.

Ugomvi wa kwanza ni wa lugha. Wamarekani huhesabu kwa miligramu, sisi huku Kiminini kwa milimoli, kwa hiyo yao unaigawanya kwa 18. Nikagawanya usiku huohuo kwa penseli ya mtoto. 54 ni 3. Bado havisikizani.

Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimelalia mkono. Kidude hakisomi damu, kinasoma majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na ukikilalia kinatangaza kwamba sukari imeanguka. Hata usipokilalia, sukari ikipanda au kushuka kwa kasi kinabaki nyuma dakika kadhaa, kama konda anayeita "Kiminini washuke!" gari likiingia Kamukuywa. Ndiyo maana vile vinavyotaka kurekebishwa kwa kidole huambiwa urekebishe sukari ikiwa imetulia, si ukiwa umetoka kuumaliza mlima wa ugali.

Vipimo vinavyobishana si vigeni kwa mkulima wa mahindi. Unyevu unaotakiwa ni 13.5, lakini kwa mashine ya dalali mahindi yangu hayajawahi kukauka, hata yakianikwa mpaka Krismasi. Tofauti ni kwamba dalali hukosea upande mmoja tu, upande wa mfuko wake. Kidude hukosea pande zote mbili, na hilo nakisifia.

Wala kidole si malaika. Kanuni ya kimataifa ya 2013 inaziruhusu mashine zake kuyumba asilimia 15, maana 8.2 yangu huenda ilikuwa 7, huenda 9.4. Juzi nilimenya ndizi nikajidunga bila kunawa: 14.1! Mama Wafula akaanza kunihutubia. Nikanawa, nikarudia: 7.9. Hotuba haikukatizwa.

Sasa kidude kiko mkono wa kulia, nami nalalia ubavu wa kushoto. Mama Wafula analala upande huohuo, na asubuhi analalamika kwamba namkoromea usoni.