Namna ya Kumlaza Chatu Asiyetulia, Lumemo

Hatua ya kwanza ni kutafuta baridi. Ukiwa Lumemo, hutaipata. Ifakara, ilipo Lumemo, haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari, na hata Julai, watu wanapotoka asubuhi na masweta, saa sita jua limeshawavua. Maelekezo ya kumlaza nyoka majira ya baridi ni ya nyoka wa Marekani na Ulaya, ambao theluji ikikaribia hujichimbia ardhini miezi kadhaa. Chatu wa bonde la Kilombero si wa ukoo huo. Ukimpoza kwa barafu au feni utampa ugonjwa wa mapafu, na kama tumboni mna kuku, kuku huyo ataoza kabla hajasagwa.

Basi zima feni, umtazame. Anasugua pua kwenye waya wa banda usiku kucha? Amekataa chakula? Usikimbilie dawa. Akiwa dume mzima, na mwezi ni kati ya Juni na Agosti, huenda hana ugonjwa wowote: anataka mke. Kusini mwa Afrika chatu hupandana majira hayo hayo ya ubaridi, na dume anayetafuta jike hana habari na kuku wako. Chatu mzima mwenye afya hukaa miezi bila kula. Jike akitaga huyazungushia mayai mwili wake, hutoka kuota jua, kisha hurudi kuyapasha joto, na muda wote huo hali kitu. Ni mama wa kuheshimiwa. Maji tu ndiyo yasikosekane.

Sasa kitanda. Usihangaike na godoro wala blanketi. Chatu hulala kwenye shimo lililoachwa na mhanga au kichuguu cha zamani, ambamo jua kali la kiangazi halimfikii. Hapa nakusihi, ndugu mkulima: kichuguu kilicho pembeni mwa shamba lako la mpunga usikibomoe, na nyasi zinazokizunguka usizitie moto. Anayelala humo akiamka hula panya na ndezi, wale wale wanaokumalizia mpunga kabla hujavuna. Masika mto Lumemo ukifurika na mashimo yakajaa maji, unaweza kumkuta amejisogeza penye ukavu karibu na nyumba. Shika watoto na kuku, weka panga chini.

Imebaki karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Kama huna, usimtie kwenye kiroba ukamtupe barabarani usiku. Atakufa chini ya lori la miwa. Chatu wa Kilombero anayehangaika bandani hahitaji kubembelezwa alale, anahitaji kurudishwa bondeni, na hiyo ni kazi ya afisa wanyamapori. Mpigie leo, kabla hujamnunulia kuku mwingine.