Jino la Kwenye Gata

Meno mawili ya mbele ya juu ya mwanetu yaling'oka wiki moja, nami nikapewa kazi ya kuyarusha juu ya bati. La kwanza lilitua likatulia. La pili liliteleza likadumbukia kwenye gata. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa siku tatu, akaona.

Miezi kumi baadaye jino la kulia limeshaota, la kushoto kimya, na la pembeni yake limeanza kuchungulia. Mama mkwe naye bado yupo. "Si lile ulilolitupa kwenye gata, baba?" Mkwe habishani. Nikaazima ngazi kwa jirani, nikapanda, nikashuka na majani makavu, mpira wa tenisi na suruali iliyopasuka.

Mke wangu akatupeleka kwa daktari wa meno. Yule bwana habari za bati hakuziuliza. Aliuliza jino lipi lilitangulia, akapapasa ufizi kwa kidole, akasema la pembeni likiota kabla ya la kati, mara nyingi kuna kitu kimeziba njia. Picha ikamuumbua mhusika: kijino cha ziada, chembamba kama ncha ya penseli, kichwa chini miguu juu, ncha yake ikielekea puani. Meno ya ukubwani ni 32. Wetu kaongezewa moja. Wavulana, kumbe, ndio huongezewa zaidi.

Akapiga picha ya pili, mashine ameisogeza kidogo. Nikadhani ananiongezea bili.

"Mzee, fumba jicho moja." Akasimamisha vidole viwili mbele yangu, kimoja nyuma ya kingine. "Sogeza kichwa kulia."

Kidole cha nyuma kikanifuata. Kijino nacho kilikuwa kimeifuata mashine: basi kiko nyuma, upande wa kaakaa, na hapo ndipo pa kupasua.

Kisichosumbua huachwa, kikaangaliwa kwa picha mara kwa mara. Hiki kilimzibia mwenzake, kikatolewa: sindano ya ganzi, nyuzi tatu, na mtoto akadai aiskrimu. Jino lililozuiwa huenda likashuka lenyewe, pengine baada ya mwaka na zaidi. Likigoma, litavutwa kwa waya.

Nilirudi nyumbani na kijino ndani ya pamba, kifua mbele. Mama mkwe akakigeuzageuza kiganjani.

"Hiki kidogo. Lile la kwenye gata lilikuwa kubwa." Akanirudishia. "Ngazi ya watu umesharudisha?"