Laini ya Mama

Mwaka 2021 gunia la mpunga lilitutoka nyumbani kwa kosa la betri mbili za redio. Baba alikuwa amezianika juani kutwa nzima zipate nguvu, na jioni zikatupa habari nusu: huko Kinshasa Serikali, kwa mkono wa Fonds Social, inawatumia watu pesa kwenye simu kwa ajili ya korona. Mpango unaitwa STEP-KIN. Wanaolipwa ni... Hapo sauti ikazama kama mtu aliyetumbukia kisimani.

“Wakulima,” akasema Mama, mwiko hauachi sufuria.

“Nani kasema wakulima?”

“Baba Saidi, kuna maskini gani mwingine?”

Baba hakuwa na jibu. Tangu Rais Tshisekedi atangaze hali ya dharura, tarehe 24 Machi 2020, korona yenyewe hatukuiona hapa Nyangwe, ila tuliionja kwenye bei ya sabuni na chumvi, na wanunuzi wa mchele walikuja mmojammoja, tena kutulalia. Wageni wakipita huuliza soko la Julai 1871, pale Livingstone aliposhuhudia watu wakipigwa risasi. Habari za mpunga, ambao nao uliletwa na wafanyabiashara Waungwana enzi hizohizo, hakuna anayeuliza. Mama aliona safari hii kuna mtu kauliza.

Kulipokucha yaya Saidi, kaka yetu mkubwa, alifunga gunia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi Kasongo, siku mbili mchangani. Alirudi na simu iliyokwisha kutumika, kioo kina ufa, na laini iliyoandikishwa kwa karti ya elekteri ya Mama. Karti hiyo ilikaa miaka juu ya uchaga wa jikoni. Moshi ulikula uso wote, yakabaki meno. “Ndiye huyu,” yaya alimwambia muuzaji, “anacheka.”

Rezo kwetu hushika mahali pamoja: tawi la tatu la mwembe, upande wa mto. Simu ikatiwa kwenye kimfuko cha chumvi, ikatundikwa, na kitinda mimba wetu akapewa kazi ya kupanda asubuhi na jioni kusoma. Zikaja jumbe mbili, zote za kampuni ikitukaribisha. Mama akaanza kuogopa wezi. Mchana simu ikae juu, sawa. Usiku pesa zisilale mtini. Basi kila magharibi aliing'oa laini akaifunga kwenye pindo la kikwembe, mafundo mawili, kama afungavyo franka za soko.

Jumamosi akakifua kikwembe.

Nilimkuta Baba ndani ya Lualaba, maji magotini, kashika ungo wa kupepetea mchele, anachekecha mchanga. Nyuma yake yaya, nyuma ya yaya shangazi wawili waliokuja kusaidia na kulaumu. Ungo ulitoa makombe, kifungo cha shati, ndoana yenye kutu, na kijiwe bapa ambacho kwa dakika nzima tuliamini ndicho. Mama alikaa ukingoni na pindo lake mkononi. Mafundo yote mawili yalikuwepo. Kilichotoboka ni kitambaa.

Wiki iliyofuata tukaazima simu ya jirani, tukampigia mjomba aliyeko Kinshasa. Alicheka mpaka inite za watu zikakaribia kwisha. Pesa zile, alisema, ni za mitaa maskini ya Kinshasa iliyochaguliwa. Yeye mwenyewe mtaa wake haumo, hajaona hata franka. Baadaye tulisikia kwamba Uganda nako, Julai ya mwaka huohuo, shilingi 100,000 za kila kaya ziliwaendea watu wa mijini. Baba akasema korona ni ugonjwa wa wenye lami.

Mvua zikarudi. Mbegu zetu zilikuwa zimekwenda Kasongo kwa baiskeli, kwa hiyo Mama akajitanda kikwembe, kiraka kipya pindoni, akaenda kukopa kwa jirani yuleyule. Alipewa debe mbili bila maneno mengi. Sharti lilikuwa moja: simu ya jirani nayo ipandishwe mwembeni, tawi la tatu.